Sauti ya Stephen Hawking haikutoka kwenye kanda

Wengi huamini kwamba mashine aliyoitumia Stephen Hawking, mwanafizikia Mwingereza aliyepoteza uwezo wa kuongea, ili kuzungumza ilihifadhi maneno: mtu aliyasoma studio, kompyuta ikawa inayaunga. Sivyo. Mle ndani hapakuwa na neno hata moja lililorekodiwa.

Msingi wa sauti ile ni kazi ya Dennis Klatt, mtafiti wa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, aliyefariki mwaka 1988. Alipima sauti yake mwenyewe, na vipimo hivyo ndivyo vilivyozaa sauti iliyoitwa Perfect Paul. Katika mfumo aliouchapisha mwaka 1980, kompyuta hutengeneza mrindimo kama wa nyuzi sauti za kooni, au mvumo wa hewa kwa "s" na "f", kisha huupitisha kwenye vichujio vinavyoigiza kinywa. Vipimo huweza kubadilishwa kila milisekunde 5.

Chukua irabu. Kwa "a" ya mwanamume, kilele cha kwanza cha nguvu ya sauti huwa karibu na hezi 700 (yaani mitetemo 700 kwa sekunde), cha pili karibu na 1,200. Shusha cha kwanza hadi 300, pandisha cha pili hadi 2,300, utasikia "i". Kazi ngumu hasa ni konsonanti. Vilele visipoteleza ipasavyo kuingia kwenye irabu, ndani ya makumi machache tu ya milisekunde, "ba" na "da" huchanganyika sikioni. Klatt aliipima miteleko hiyo kwa subira ya ajabu, pamoja na urefu wa kila sauti. Ndiyo maana mashine iliweza kutamka hata jina ambalo hakuna aliyewahi kuisomea.