Anarkia na ulibertari si kulwa na doto

Juzi tena nimemsikia mchambuzi redioni akimwita mwanasiasa mmoja anayetaka kodi ishushwe "mwanaanarkia", na pumzi ileile akamwita "libertari". Limenikera kwa mara ya kumi, basi nilieleze.

Kwa ufupi, mwanaanarkia anapinga mtu yeyote kumtawala mwenzake, awe mkuu wa serikali au tajiri. Libertari wa Marekani ya leo anatanguliza uhuru wa mtu na mali yake, na wengi wao wanaikubali serikali ndogo ya polisi, mahakama na jeshi.

Anarkia ni Kigiriki: an, pasipo, arkhos, mtawala. Fujo haimo ndani ya neno, imetiwa baadaye na wasiolipenda. Kiswahili kinajua kutenga huria na holela, sijui kwa nini hapa tunashindwa. Mwaka 1840 Mfaransa Pierre-Joseph Proudhon alijiita mwanaanarkia katika kitabu kilekile alichosema kwamba mali ni wizi. Hakusema jembe lako ni la wizi, wala nyumba unayolala. Alikusudia mali inayompa mwenyewe nafasi ya kula jasho la wengine, kwa kodi ya pango au riba.

Na "libertari" je? Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu lilikuwa neno la wanaanarkia wenyewe. Mwaka 1857 Joseph Déjacque, Mfaransa aliyekuwa uhamishoni New Orleans, alimwandikia Proudhon barua ya kumkemea kwa kuwanyima wanawake usawa. Wewe ni nusu mwanaanarkia, alimwambia, si libertari. Mwaka uliofuata akaanzisha New York gazeti lililobeba jina hilo, Le Libertaire. Ufaransa ilipopiga marufuku propaganda ya anarkia kwa sheria za 1893 na 1894, neno hilo likawa kinga, na mwaka 1895 Sébastien Faure na Louise Michel wakatoa gazeti la jina lilelile. Hadi leo, Ufaransa na Hispania neno hilo bado lina harufu ya huko lilikotoka.

Lilihama miaka ya 1950. Watetezi wa soko huria Marekani waliona jina "liberali" limeshachukuliwa na wanaotaka serikali isaidie watu, wakatafuta jingine. Mmoja wao, mwanauchumi Murray Rothbard, baadaye alijivuna kwamba upande wake ulikuwa umeliteka neno la adui. Chama chao kilizaliwa mwaka 1971.

Rothbard ndiye anayewachanganya watu, maana yeye alitaka serikali iondoke kabisa, hata mahakama na polisi viwe biashara za watu binafsi. Mwenzake, mwanafalsafa Robert Nozick, mwaka 1974, alitetea serikali ndogo. Lakini kwa wote wawili mwenye kiwanda anabaki na kiwanda chake, na mpangaji anaendelea kulipa. Kwa Kropotkin, mwanaanarkia wa Urusi, mwenye kiwanda huyo naye ni arkhos. Kwa hiyo kuuliza serikali iwe kubwa kiasi gani hakutamtenga mwanaanarkia na libertari. Uliza nani anahesabiwa kuwa mtawala.

Basi, ndugu mchambuzi, anayetaka kodi ishuke huku polisi wakilinda hati za viwanja, mwite libertari wa Kimarekani ukipenda. Anarkia hajaigusa. Na kama ulikusudia fujo, neno fujo tunalo.