Ulimi haukugawanywa kwa ladha

Ile picha ya ulimi uliopakwa rangi imerudi tena kwenye magrupu ya WhatsApp: ncha ni ya utamu, pembeni chumvi na uchachu, nyuma uchungu. Chini yake kuna ushauri: dawa chungu iweke kwenye ncha, hutaisikia.

Si kweli. Vinundu vya ladha vilivyo kwenye ncha, kingo na nyuma ya ulimi, hata kwenye kaakaa laini, hutambua ladha zote tano: utamu, chumvi, uchachu, uchungu na umami, ile ladha nono ya mchuzi wa nyama. (Pilipili haimo. Ule muwasho hupita kwenye neva za joto na maumivu.)

Jaribu jikoni. Futa ulimi kwa kitambaa safi, chovya kijiti cha pamba kwenye maji ya chumvi, gusa ncha tu. Utaisikia chumvi kabla hujafunga mdomo. Sukutua, rudia kwa kahawa chungu iliyopoa. Katikati ya ulimi usihangaike napo. Vinundu ni vichache mno, na wengi hudanganyika hapo.

Mwaka 1901 mtafiti mmoja Ujerumani alipima akaona tofauti ndogo tu za wepesi wa kuhisi kati ya sehemu na sehemu. Waliomnukuu baadaye walizichora kana kwamba ni mipaka, na mchoro ukaingia vitabu vya shule. Basi hata mwalimu mzuri aliufundisha kwa nia njema.

Ikikufikia, usiisambaze. Mwambie aliyeituma ajaribu kwanza na chumvi. Dawa chungu ya mtoto mpe kama mhudumu wa afya alivyoelekeza.