Ulinzi wa kibalozi: mtu wetu akishikwa ugenini akaitwa gaidi

Hapa Tanga, kuvuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa ni kama kwenda mtaa wa pili. Watu wana wakwe huko, wana mashangazi, wana biashara. Sasa mmoja wao akishikwa, huko au mbali zaidi, akaambiwa ni gaidi, serikali yake inawajibika vipi?

Jambo hilo huitwa ulinzi wa kibalozi. Mzizi wake ni kifungu cha 36 cha Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli (yaani kazi ya balozi kuhudumia raia wao ugenini) wa mwaka 1963. Mgeni anayekamatwa aambiwe bila kuchelewa kwamba ana haki ubalozi wake ujulishwe. Maofisa wa ubalozi nao waruhusiwe kumwona, kuzungumza naye na kumtafutia wakili.

"Serikali itamteteaje gaidi?" Nimelisikia swali hili barazani mara nyingi, na linaniumiza. Ubalozi hauendi kutetea kosa. Unauliza: yuko wapi, mzima, ameshtakiwa kwa lipi, hakimu amemwona? Ni maswali ya mama yake, ila mama mlango hafunguliwi.

Tena shutuma ya ugaidi haifuti haki hiyo. Mhindi Kulbhushan Jadhav alihukumiwa kifo Pakistan mwaka 2017 kwa ujasusi na ugaidi, na ubalozi wa India ukanyimwa kumwona. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ilisema Pakistan imevunja mkataba, ikaagiza hukumu hiyo ipitiwe upya.

Mtu asipoulizwa hupotea. Mvuvi mmoja Mtanzania alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akatiwa mikononi mwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, akateswa kwenye gereza la siri Afghanistan. Aliachiwa mwaka 2008 akitokea Bagram, kambi ya jeshi la Marekani huko huko Afghanistan. Miaka mitano, bila shtaka hata moja.

Je, serikali inaweza kulazimishwa? Hapo sheria ni dhaifu. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika kesi ya raia wake waliozuiliwa Zimbabwe, ilisema raia ana haki ya kuomba ulinzi, na serikali lazima ilipime ombi lake kwa haki. Haikusema lazima ikubali. Kwangu mimi hilo halitoshi, lakini ni mahali pa kushika.

Kwa hiyo anayeshikwa aseme mapema, mbele ya mashahidi ikiwezekana: "Nataka ubalozi wangu ujulishwe." Ndugu nao wapeleke nakala ya pasipoti Wizara ya Mambo ya Nje, waombe kwa maandishi, wabaki na nakala yenye mhuri. Kwa aliyeshikwa Mombasa, Tanzania ina ubalozi mdogo mjini humo humo.