Dagaa 300 wa kipe kimoja si sampuli 300

Nimeletewa tena rasimu ya utafiti unaouliza kama kufunga uvuvi Ziwa Tanganyika kunabadilisha dagaa, nayo inajisifu kwamba "sampuli ni kubwa, dagaa 300". Nikauliza wametoka wapi. Kipe kimoja (mitumbwi inayovua pamoja usiku kwa taa na wavu mmoja) kabla ziwa halijafungwa, kipe kimoja baada ya kufunguliwa. Basi sampuli ni mbili, moja kila upande, na hapo hakuna cha kulinganisha.

Nenda mwalo wa Kibirizi, Kigoma, alfajiri dagaa wanaposhushwa. Chota kiganja kimoja, wapange kwenye ubao wa kupimia: wanakaribia kulingana. Dagaa huogelea na wenzao wa kimo chao. Taa imelivuta kundi hilo, wavu mmoja umeliinua. Ukishapima hamsini, wa hamsini na moja hana jipya. Habari mpya iko kwenye kipe cha jirani.

Mwanaikolojia Stuart Hurlbert alilipa kosa hili la kuhesabu samaki wa kundi moja kama sampuli nyingi jina, pseudoreplication, mwaka 1984. Mimi huliita urudufu wa uongo. Hesabu ya kosa hili ni fupi. Chukua vipe 6, samaki 50 kila kimoja, na ufanano wa ndani ya kipe uwe 0.5 (sifuri ni kutofanana kuliko wengine, 1 ni kulingana kabisa). Gawanya 300 kwa 1 + (50 − 1) × 0.5, yaani 25.5. Unabaki na habari ya kama samaki 12 wanaojitegemea. Kumi na wawili! Kosa sanifu uliloripoti, yaani kipimo cha wastani wako unavyoweza kuyumba, ni dogo mara tano kuliko la kweli, thamani ya p (ndogo husomwa kama ushahidi wa tofauti) imeporomoka bure, na kuna mvuvi ataambiwa asishushe wavu kwa sababu ya namba hiyo.

Samaki haohao 300 ukiwachukua 10 kwa kila kipe, vipe 30, wanakuwa kama 55. Kazi ya rula ni ileile. Kinachoongezeka ni kutembea mwaloni.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Ile 0.5 ukiikadiria kwa vipe 6 inayumba sana. Nimewahi kupata sifuri na sikuiamini. Tena vipe vyote vya usiku mmoja vina mwanga uleule wa mwezi na maji yaleyale. Na mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, majira yaleyale ambapo upepo wa kusini-mashariki huyachanganya maji na kuinua virutubisho. Dagaa wakibadilika, ni kufungwa au ni upepo? Mfungo mmoja ni tukio moja, hata nikipima vipe mia. Sijapata njia ya kulikwepa hilo zaidi ya kupima mwaka hadi mwaka, ikiwemo miaka ambayo ziwa halifungwi.

Rasimu nimeirudisha. Nimeomba safu moja tu iongezwe kwenye daftari, kabla ya urefu: jina la kipe na tarehe ya usiku.