“Mnifundishie Tu, Nitampitia Saa Sita”

Kazi yangu ni kuratibu masomo ya familia kwenye sinagogi moja la Reform (tawi la Uyahudi lenye msimamo wa kisasa) huku Marekani, na kila Septemba madarasa ya dini yakifunguliwa nasikia visingizio vile vile vya wazazi. Mwaka huu nimechoka, acha niandike.

Eti wa kusoma ni mtoto, mzazi analeta tu. Hii ndiyo inayonimaliza. Jumapili saa tatu gari linasimama, mtoto anashuka na begi, mzazi hata injini hazimi, wengine wanabaki humo humo paking na simu mpaka saa sita wakati ndani tumewaandalia darasa lao na kahawa ipo. Ukimuuliza anakwambia ada si nimelipa? Sasa hebu tusikilize tunachokisali kila siku, ile sala ya Shema, “nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii”, inasema uketipo nyumbani na utembeapo njiani, hakuna palipoandikwa umtafutie mwalimu ukalale. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, nayo inampa baba kazi zake: amfundishe mwanawe Torati, amfundishe ufundi wa kujipatia riziki, na wapo wanaoongeza kuogelea. Na hiyo shule unayoitegemea, Talmudi hiyo hiyo inasimulia ilikotoka: zamani mwenye baba alifundishwa na baba yake, asiye na baba alibaki hivyo hivyo, wakaanza kuweka walimu Yerusalemu, mpaka kuhani mkuu Yehoshua ben Gamla akaagiza kila mji uwe na walimu na watoto waingie na miaka 6 au 7. Yaani ilianza kwa kumhurumia yatima. Wewe upo, mzima wa afya, uko paking.

Halafu piga hesabu, masaa matatu kwa wiki, toa likizo, toa mafua, toa mechi za mpira, kinabaki nini? Mtoto anajua baraka ya mishumaa ya Sabato vizuri kabisa, Ijumaa jioni nyumbani hakuna anayewasha, ikifika Pasaka yetu ya Kiyahudi keshasahau.

Dawa yangu ni moja na kila mzazi nampa hiyo hiyo, anzeni na havdala, ile ibada fupi ya nyumbani ya kuiaga Sabato. Dakika kumi tu, Jumamosi usiku nyota tatu zikishatoka. Mshumaa wa kusuka wenye tambi kadhaa, mtoto anaushika (kaa naye karibu, nta ikidondokea zulia haitoki kirahisi), kikombe cha divai au juisi ya zabibu kijae mpaka kimwagikie kisahani, na manukato, mimi naweka karafuu kavu kwenye kikopo, nikipata za Pemba ndo safi zaidi, kila mtu anapokezwa ananusa. Mnanyoosha vidole kwenye mwanga mnaangalia kucha zinavyong'aa, kisha mshumaa unachovywa kwenye ile divai ya kisahani, tssss, hapo hata yule wa miaka mitatu ananyamaza. Fanyeni mfululizo wiki chache muone kama si yeye atakayewakumbusha.

Eti bar mitzva, yaani mtoto kufikia umri wa kuwajibika kwa amri za dini, ndo mwisho wa masomo. Kwanza bar mitzva hata usipoifanya inakuja, mvulana akitimiza 13 ameshakuwa, hata kama siku hiyo alikuwa amelala, sherehe ni nyongeza tu. Wasichana kwa Orthodox (tawi linaloshika sana desturi za kale) ni 12, kwetu 13. Maana yake amri sasa ni mzigo wake mwenyewe, sasa mtu ndo anaanza kuwajibika, wewe unamtoa darasani? Na wale wanaokuja na bajeti ya ukumbi na didjei kabla ya kuuliza mtoto atasoma fungu lipi la Torati, hao siwajibu hata meseji siku hiyo hiyo.

Eti sijui Kiebrania, nitaaibika. Mishna, sehemu ya msingi ya Talmudi, inasema Shema inasomwa kwa lugha yoyote. Njoo, herufi ni 22 utazizoea.

Eti mwenzangu wa ndoa si Myahudi. Aje naye, tena mara nyingi hao ndo wanaouliza maswali ya maana. Reform ya Marekani tangu 1983 inamhesabu pia mtoto wa baba Myahudi alimradi analelewa Kiyahudi. Orthodox na Conservative (tawi lililo kati yao na sisi) wanafuata mama, kwa hiyo ukihamia kwao ongea na rabi mapema.

Eti Hanuka, sikukuu yetu ya taa, ndo sikukuu kubwa. Hapana jamani, hata kwenye Torati haimo, na kazini watu wanaenda kama kawaida. Ila wapo tunaowaona Hanuka tu, wanakuja kula maandazi ya jamu, halafu Pasaka, ambapo mtoto mdogo ndiye anayeuliza yale maswali manne ya desturi kuhusu usiku huo mbele ya meza nzima, hata simu hawapokei.