Akiba haiozi? Mimi nimeinusa

Wahenga walisema akiba haiozi. Sidhani kama waliwahi kufungua pipa nililolifungua mimi mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii ya kuhifadhi chakula. Lilikuwa pipa la chuma lililojaa mahindi, kifuniko kimebanwa kwa mkanda na ukingo umezibwa kwa nta. Lilikuwa limekaa miezi mitano. Kifuniko kilipoachia, ulitoka mvuke wa uvuguvugu wenye harufu ya nguo mbichi iliyosahaulika ndani ya mfuko. Upande wa chini wa kifuniko matone ya maji yalikuwa yamejipanga kama jasho la paji la uso. Mahindi ya juu yalishikamana kuwa bonge moja, mengine yameota, mengine yamevaa ukungu wa kijani. Nilipochimba kiganja kimoja kwenda chini, nikakuta mahindi meupe, makavu, kana kwamba yaliingia jana.

Aliyelijaza pipa lile ni mimi mwenyewe. Niliyaanika mahindi siku nne, siku ya tano nikayatia pipani saa tisa alasiri yakiwa bado ya moto, nikafunga upesi kabla mvua haijanikuta. Nilijiona mjanja. Kumbe usiku chuma kilipopoa, hewa ya moto iliyokuwa katikati ya nafaka ilipanda ikiwa na unyevu wake, ikagonga kifuniko baridi, ikageuka maji na kudondoka juu ya mahindi. Mchana pipa linapata joto, usiku linapoa, na mzunguko unajirudia kila siku kwa miezi mitano. Pipa lilifanya kazi yake vizuri kupita kiasi: halikuruhusu hata tone moja litoke.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue chombo gani kwa ajili ya chakula cha dharura, humrudisha nyuma hatua moja. Chombo hakitengenezi chakula kibovu kikawa kizima. Kinachofanya ni kukifungia chakula katika hali ile ile uliyokiingizia. Ukiingiza unyevu, umeuwekea unyevu nyumba ya kuishi.

Sasa unyevu kiasi gani? Nafaka ya kuhifadhi kwenye magunia ya kawaida inatakiwa iwe na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi. Ile ya kufungia kabisa bila hewa kwa miaka mingi inashauriwa ishuke hadi 10 au chini yake. Kipima unyevu ndicho chombo cha kweli hapa, lakini kama huna, chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia nafaka theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu kabisa, funga na utikise kwa dakika moja. Iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka ina unyevu unaozidi asilimia 15, irudishe juani. Isipoganda, imevuka kizingiti cha kwanza tu. Usichukulie kwamba imefika asilimia 10, maana chumvi haiwezi kukuambia hivyo. Hapo mimi huendelea kuanika siku mbili tatu zaidi, kisha huing'ata punje: kavu hupasuka kwa mlio, mbichi hubonyea chini ya jino. Halafu, na hili nililipia kwa pipa zima, naiacha nafaka ipoe kivulini kabla ya kuifunga.

Kuhusu ukungu naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa watu huhesabu hasara badala ya kuhesabu hatari. Lile bonge la kijani wengi wangeliondoa, wakaosha mahindi yaliyobaki karibu nalo, wakapika. Mimi nilitupa kuanzia juu mpaka pale nilipokuwa na uhakika, na hata hapo nilipeleka sampuli kupimwa kabla ya kula. Kuvu aina ya Aspergillus flavus hutengeneza sumukuvu ambayo haitoki kwa kuosha na haifi kwa kuchemsha. Dunia iliitambua kwa uchungu mwaka 1960 nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa, na uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga waliyolishwa. Kwa binadamu sumu hii huharibu ini, na akila kidogo kidogo kwa muda mrefu humletea saratani ya ini. Akiba ya dharura ni chakula utakachokila siku ambayo pengine hospitali haifikiki, kwa hiyo si mahali pa kubahatisha.

Baada ya unyevu, adui anayefuata ni joto. Kanuni ya jumla ya kikemia ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi, mabadiliko ndani ya chakula huenda kwa kasi mara mbili hivi. Maana yake kopo lile lile linalodumu vizuri kwenye chumba cha nyuzi 20 litachakaa mapema sana likiwekwa juu ya kabati la jikoni, chini ya bati. Tafuta sehemu ya nyumba isiyopata jua la alasiri, iliyo mbali na jiko, na uinue vyombo kutoka sakafuni kwa mbao. Kama nyumba yote ni ya joto, basi punguza matarajio ya miaka na uongeze kasi ya kula na kubadilisha.

Kisha oksijeni, ambayo huchachisha mafuta na kuwapa pumzi wadudu. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai ndani na kuliziba tundu, kwa hiyo nafaka inayoonekana safi machoni inaweza kuwa imeshabeba kizazi kizima. Ukiijaza kwenye mfuko usiopitisha hewa, ukausindilia na kuufunga barabara, wadudu hao hutumia oksijeni iliyomo wakaimaliza wao wenyewe, wakazimia, wakafa. Ni kifo ninachokifurahia, sitaficha. Kwa kiasi kidogo, kilo tano au kumi, unaweza kuiweka nafaka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne au zaidi, kisha ukaiacha irudi kwenye joto la kawaida ndani ya mfuko wake uliofungwa ili isiloe jasho. Vile vipakiti vya kufyonza oksijeni vina unga wa chuma unaopata kutu. Kutu hiyo ndiyo inayokula oksijeni. Hufaa kwa mchele mweupe, ngano, maharage na shayiri, vikiwa vikavu. Havifai kwa chakula chenye unyevu, maana mahali pasipo oksijeni na penye maji ndipo bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu ya chakula unaopoozesha mwili, hutengeneza sumu yao. Kwenye sukari huna haja navyo, vitaigeuza jiwe tu.

Panya hahitaji maelezo. Chuma, au ndoo nene yenye kifuniko cha kubana. Mfuko peke yake ni karatasi ya zawadi.

Kinachodumu na kisichodumu kina mantiki moja: mafuta yaliyomo ndani ya chakula. Mchele mweupe na ngano nzima, vikiwa vikavu, vimefungwa bila oksijeni na kukaa mahali baridi, vimeonekana kulika baada ya zaidi ya miaka 25. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young nchini Marekani wamekuwa wakifungua makopo ya zamani ya aina hiyo, wakapika, wakawaonjesha watu. Lakini mchele usiokobolewa, ambao kwa afya ni bora zaidi, una mafuta kwenye ganda lake na huanza kuchacha ndani ya miezi. Unga nao vivyo hivyo: ukishasaga, umefungua mlango. Hifadhi punje, saga baadaye. Chumvi, sukari na asali hazina haraka, ila asali usimpe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Mafuta ya kupikia ni kiungo dhaifu cha akiba nzima. Mimi huyahesabia mwaka mmoja, kwenye vyombo vidogo, gizani.

Maharage hayaozi yakiwa makavu, lakini yakikaa miaka mahali penye joto huwa sugu: unachemsha saa nne na bado yanakuangalia. Kuyaloweka usiku kucha na kutia magadi soda kidogo kunasaidia. Hata hivyo jiulize swali ambalo wengi hulisahau, kwamba siku ya dharura kuni au gesi ya saa nne itatoka wapi, na maji je? Kwa sababu hiyo sehemu ya akiba yangu ni chakula cha kufungua na kula bila moto: samaki wa makopo, maharage yaliyokwisha kupikwa, biskuti ngumu. Vyakula vilivyogandishwa na kukaushwa ni vyepesi na hudumu sana, ila navyo vinadai maji.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Gramu 400 za nafaka, 100 za maharage, 35 za mafuta, 20 za sukari na chumvi kidogo zinakufikisha hapo. Watu watano kwa siku 30: nafaka kilo 60, maharage 15, mafuta lita sita pungufu kidogo, sukari kilo tatu. Watu wakiona hesabu hii hushangaa kwamba mafuta ni machache na nafaka ni nyingi hivyo, kwa sababu waliponunua kwa hofu walifanya kinyume. Usinunue yote siku moja. Kila unapokwenda sokoni ongeza kifurushi kimoja cha kitu ambacho familia yako inakila tayari, ukikague kwanza: punje zisizo na matundu, zisizo na vumbi la unga chini ya mfuko, zisizo na harufu. Ukifika nyumbani andika tarehe kwa kalamu nene, weka nyuma, tumia cha mbele. Fungasha kwa kilo mbili au tatu, ili kimoja kikiharibika kisiondoke na vingine.

Makopo yana historia ndefu. Inasimuliwa kwamba serikali ya Ufaransa ilitangaza zawadi mwaka 1795 kwa atakayepata njia ya kuhifadhi chakula cha jeshi, na Nicolas Appert akaichukua mwaka 1810, faranga 12,000, kwa kuchemsha chakula ndani ya chupa zilizozibwa. Hakujua kwa nini njia yake inafanya kazi. Maelezo ya vijidudu yalikuja na mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur miaka mingi baadaye. Ninachokuomba ni usimwige Appert jikoni kwako kwa nyama au maharage. Mbegu za bakteria wa botulizimu huvumilia maji yanayochemka. Kuziua kunahitaji mvuke wa shinikizo wa nyuzi 121. Ukinunua makopo, tarehe ya "bora kabla ya" inahusu ladha zaidi kuliko usalama, na kopo zima lililopitiliza kidogo si sumu. Kopo lililofura, linalovuja, lenye kutu iliyopenya au lililobonyea kwenye mshono, hilo usilionje hata kwa ncha ya ulimi.

Na jambo la mwisho, linalochekesha mpaka likupate. Makopo ya bati yalianza kutengenezwa kiwandani Uingereza mwaka 1813, na kifungulio chake kikapata hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, zaidi ya miaka 40 baadaye. Kabla ya hapo watu walitumia patasi na nyundo. Chako kifunge kwa kamba ndani ya boksi lenyewe la makopo.