Nakshi kwenye shakuhachi za kale: zimwi likae wapi?

Shakuhachi, filimbi ya mwanzi ya Kijapani, ikiwa imechongwa mazimwi kuanzia mdomoni hadi shinani huwa naipokea kwa shaka. Si kwamba sipendi nakshi. Kazi yangu ni kukarabati filimbi za mianzi, na macho nayo yana haki yake. Shaka yangu inatokana na mwanzi wenyewe.

Mwanzi wa madake, ambao ndio unaotumika kutengenezea shakuhachi, una nguvu zake nje. Nyuzi zimebanana karibu na ganda, halafu zinapungua kadiri unavyoelekea ndani. Mchongaji anapozamisha kisu humo, anakata nyuzi zilezile zinazouzuia mwanzi usipasuke. Ukiingia kwenye hewa kavu, mwanzi unasinyaa, na ukisinyaa unatafuta mahali dhaifu pa kuachia. Nimewahi kushika filimbi ambayo ufa wake ulifuata mgongo wa zimwi tangu shingoni hadi mkiani, pingili mbili nzima, bila kukosea mahali hata pamoja.

Na sauti haimo kwenye nakshi. Shakuhachi ya kawaida ya leo ina urefu wa takriban sentimita 54.5, matundu manne mbele na moja nyuma. Kinachoamua italia vipi ni uwazi wa ndani pamoja na ukingo ule mkali wa mdomoni unaopasua pumzi. Mafundi wengi wa karne mbili hizi huupaka uwazi huo mchanganyiko wa unga wa jiwe na urushi, yaani utomvu wa mti unaokauka ukawa kama vanishi ngumu, kisha wanaukwangua kidogokidogo mpaka noti zikae sawa. Fundi anaweza kumaliza msimu mzima akichonga nje huku ndani pameachwa vivi hivi. Hiyo sasa ni uzuri wa mkakasi.

Lakini kuna filimbi moja inayonizuia kuwalaumu wachongaji wote. Ghala la hazina la Shosoin, mjini Nara, Japani, limehifadhi shakuhachi nane za karne ya 8. Kiini cha hazina hiyo ni vitu vya Mfalme Shomu ambavyo mjane wake, Malkia Komyo, alivitoa kwa hekalu la Todai-ji mwaka 756. Baadhi ya filimbi hizo si za mwanzi kabisa. Iko ya pembe ya ndovu, ziko za jiwe. Zina matundu sita badala ya matano. Mojawapo ya zile za mwanzi imejaa wanawake, maua, ndege na vipepeo. Aliyeichonga hakuchimba: alikwangua ganda la juu pembeni mwa kila umbo, akaacha ganda lenyewe liwe ndiyo picha. Kina chake ni kidogo mno, nyuzi za chini hazijaguswa. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo, na filimbi nyingi zilizokuja miaka elfu moja baadaye hazikifikii.

Nyingi ninazoletewa ni za enzi ya Meiji, iliyoanza 1868, au za baada yake. Kabla ya hapo shakuhachi ilikuwa mikononi mwa komuso, watawa wa madhehebu ya Kibudha ya Fuke waliotembea wamefunika vichwa kwa vikapu. Mwaka 1871 serikali iliyafuta madhehebu hayo. Mwaka 1876 ikawakataza watu kuvaa panga hadharani, na wachongaji waliokuwa wakiishi kwa mapambo ya panga wakabaki na mikono mahiri isiyo na kazi. Wageni kutoka Ulaya na Marekani nao walikuwa wanataka vitu vya kupendeza kabatini. Ukilijua hilo, hutashangaa kukuta filimbi nzuri ajabu isiyotoa noti hata moja iliyo safi.

Nikitaka kujua kama ilikusudiwa kupigwa, nakshi naiacha kwanza. Namulika tochi ndani: kama kuta za mafundo zimetobolewa tu na kuachwa na makovu, nina jibu nusu. Kisha natazama matundu. Mchongaji aliyefanya kazi pamoja na fundi hupanga picha ikayazunguka. Tundu likipita katikati ya uso wa mhenga, mmoja wao alikuja baadaye bila kumuuliza mwenzake. Halafu rangi. Mwanzi mzee hugeuka kahawia, hivyo mifereji myeupe kwenye filimbi nyeusi kwa uzee ni nakshi ya juzi iliyopandishwa bei.

Mdomoni huwa pamepachikwa kipande kigumu, mara nyingi pembe ya nyati. Katika baadhi ya filimbi za zamani ni pembe ya ndovu, na hapo shughuli inabadilika. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kuanzia 1990, kwa hiyo kipande hicho kidogo kama ukucha kinaweza kuikwamisha filimbi nzima forodhani. Uliza kabla hujalipa.

Na ukishainunua, usiipake mafuta ya nazi ing'ae. Mafuta yanabeba vumbi hadi ndani ya mifereji, yanasawazisha rangi ya zamani na ya sasa, na ule ushahidi niliokuwa nautegemea unapotea. Ifute kwa kitambaa kikavu, uiweke mbali na jua na kiyoyozi. Ikianza kupasuka, usitie gundi; ifunge uzi kwa muda, halafu mpelekee fundi.